Uzi Mwekundu Dirishani

Mdogo wangu ana miaka arobaini na mitatu, na anacheza na treni. Nasema hivyo hivyo, wala sipepesi macho. Mwenyewe husema "nakusanya", na ukimwambia ni midoli atanuna mpaka jioni. Mtaa mzima unamwita Stesheni. Chumba ambacho tungempa mpangaji kimejaa rafu za vichwa vya treni na mabehewa ya bati, yote ya zamani, hakuna linalozidi urefu wa kiganja. Analigeuza behewa chali, anaweka lenzi jichoni, anasoma muhuri wa tumboni, kisha anaandika daftarini: kiwanda, mwaka, toleo. Mama anakunywa dawa saa ngapi, hajui. Hayo ya mabehewa ndiyo anayoyajua.

Tuliishi watatu: mama, yeye na mimi, fundi cherehani. Jumanne moja asubuhi, nguo zikiwa bado kwenye ndoo, mjane wa fundi saa alituletea behewa moja la abiria. Madirisha yake manne yalikuwa yamepakwa rangi nyeusi.

"Lichukueni bure," alisema. "Ila madirisha msiyaguse. Marehemu aliyapaka mwenyewe."

"Kwa nini?"

Akanisogelea sikioni. "Anayeonekana humo, anaondoka."

Mtu mwenye akili zake angelirudisha palepale. Stesheni? Thubutu! Alinieleza, mate yakimtoka, kwamba behewa lile lilitoka kwa matoleo mawili: tupu, ambalo kila mkusanyaji analo, na lenye abiria, ambalo wengi hulisikia tu. Tofauti iko ndani, na paa limebanwa kiwandani, ukilibandua umeliua.

"Sasa dada, nisipokwangua rangi nitaandika nini daftarini?"

"Andika umerogwa."

Akacheka, akachukua wembe.

Dirisha la kwanza lilitoa mzee mwembamba mwenye lenzi jichoni. Stesheni nusura acheze. Mimi nilimkumbuka fundi saa alivyokuwa akikaa dukani kwake. Dirisha la pili lilitoa mwanamke mnene, sweta la kijani, kiwiko cha kushoto kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Nilimpokonya lenzi. Mishono saba. Wa mwisho umekwenda upande.

Ni mimi niliyeishona mishono ile, wiki moja nyuma, uzi wa kijani uliponiishia. Mama alinisema kutwa nzima: "Fundi mzima, unanivisha bendera!"

Nikaenda sebuleni. Mama alikuwa kitini, na sweta lake. Mabega yanatikisika. Kushoto. Kulia. Polepole, bila kukosea.

"Mama?"

"Funga dirisha, mwanangu," alinong'ona. "Gari linakwenda kasi, upepo unaniumiza."

Dirisha la sebuleni lilikuwa limefungwa.

Nilikimbia. Nilikuwa na rangi nyeusi iliyobaki nilipopaka miguu ya cherehani; nikalipaka lile dirisha la pili la behewa. Niliporudi mama ametulia. Akaniuliza nahema nini kama mwizi, akaomba chai. Stesheni alisimama mlangoni, akayaona yote kwa macho yake mawili. Akaniapia kwamba hataligusa tena. Nikamwamini, maana ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja.

Ijumaa nilitoka kupeleka sare za shule. Saa saba mchana, jua kali, watoto wanapiga kelele njiani. Niliporudi, mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Behewa mezani. Wembe pembeni. Simu mkononi mwake.

"Wakusanyaji wenzangu wamenikatalia, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Wanasema bila picha ya abiria hilo ni toleo la kawaida. Dakika moja tu. Nilikuwa nalipaka sasa hivi."

Nilikwenda sebuleni. Mabega hayakutikisika. Mama alikuwa amekaa wima, mkono mmoja umeinuka kidogo, kama abiria anayetaka kushushwa. Ulikuwa wa baridi.

Mazishini Stesheni alilia kuliko wote, watu wakampa pole mpaka wakachoka. Mimi sikumpa. Sijamsamehe, na asije mtu hapa kuniambia nisamehe. Picha yake ilikubaliwa. Daftarini ameandika kwa mwandiko mzuri: "Toleo lenye abiria. Halisi."

Mimi nililipaka behewa madirisha yote manne, mara tatu, nikalifungia kwenye droo ya cherehani. Nilidhani namfungia nje Stesheni na wembe wake.

Wiki iliyopita, nikitafuta sindano, nikaona ncha ya uzi mwekundu imechomoza ukingoni mwa dirisha la pili. Nilipitisha ukucha pale. Hakuna tundu. Hakuna ufa. Nikaushika uzi, nikauvuta kidogo.

Ukavutwa kurudi ndani.

Sijakwangua. Nikikwangua, nitaona hadi ndani, na naogopa nitakayemkuta kwenye madirisha mawili yaliyobaki. Nisipokwangua, mama yangu amekaa gizani, na giza lile nimelipaka mimi, kwa mkono wangu. Kila asubuhi uzi unakuwa umeongezeka. Ule niliotumia kwenye kiwiko haukufika hata urefu wa mkono. Leo nimeupima kwa futi yangu ya kazini: mita mbili na nusu, na bado unatoka.