Gari ya Issaka Inaitwa

Jumatatu, jua likizama, Issaka alikuwa amesimama kwenye garage ya Jéthro kule Kimemi, akingoja kuongezewa mafuta ya frein, yaani ya breki, aende nyumbani kula. Kazi ya dakika kumi, si zaidi. Lakini Jéthro aliingia chini ya pikap, akatikisa gurudumu la mbele, akanyamaza. Ukiona fundi ananyamaza chini ya gari yako, anza kuhesabu siku za kutembea kwa miguu.

Alitoka akipangusa mikono. Akasema ni rotule, kile kifundo cha chuma kinachoshika gurudumu la mbele lisianguke. Zote mbili zimelegea. Akamuuliza Issaka kama hakusikia redio: usine, kiwanda chenyewe, inaita pikap zote za aina hii zilizotoka mwaka mmoja na yake, maana rotule zao zilitoka mbaya tangu kutengenezwa na zinaweza kukatika njiani. Mwenye gari aipeleke bureau yao, ofisi ya Beni, atabadilishiwa bure. Namba za chasi zilisomwa juzi, mara tu baada ya matangazo ya vifo. Mtangazaji ni yule yule, sauti ni ile ile. Fulani ameitwa na Bwana. Gari namba fulani inaitwa.

"Mama yangu alifanya alama ya musalaba kwa zote," Jéthro akasema.

Issaka akacheka. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kucheka woga wa wenzake. Viazi vyake vilikuwa vinamngoja kule Alimbongo, na huko Beni wangeishika gari wiki tatu nzima. Ule mlio wenyewe aliuzoea siku nyingi. Ko... ko... ko, kila shimo. Mathe, dereva wake wa miaka minne, aliacha kazi kwa ajili ya mlio huo, akaenda kulima kabichi Vuhovi, na Issaka akamwita mwoga mbele ya watu. Hata hivyo alikubali gari ilale pale, juu ya mawe, gurudumu moja limetolewa, wakati Jéthro anatafuta rotule nyingine sokoni.

Akashika njia kwa miguu. Giza lilikuwa linaingia. Simu ikalia, namba haionekani.

"Allo?"

Upepo tu...

Halafu, kwa mbali, ko... ko... ko.

Kisha sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu anayesoma karatasi.

"Ni wewe njo mwenye pikap nyeupe? Tunaiita."

Akataja namba ya chasi yote, hakukosea hata moja. Akauliza gari italetwa siku gani. Issaka alidhani ni wale wezi wa simu wanaojua mpaka jina la mbuzi wako, akajibu kwa hasira kwamba gari yake haiendi popote.

"Donc tutaita mutu," sauti ikasema. "Nani anashikaka volant, anaiendeshaka?"

Tangu utoto Issaka alifundishwa, kama watoto wote wa pale, kwamba usiyemwona akikuita magharibi usimwitikie, na jina la mwenzako usimpe. Alijua vizuri kabisa. Lakini alitaka yale maneno yaishe, na jina lililokuwa karibu na ulimi lilikuwa la mtu aliyemkasirikia.

"Mathe. Mathe wa Vuhovi."

"Merci."

Simu ikakatika. Njia nzima ilinuka grisi iliyoungua. Issaka akaongeza mwendo, akijiambia ni garage ya mtu jirani.

Jumanne jioni Mathe akafa.

Issaka alifika kwenye kilio Jumatano, kwa moto, pikipiki ya kukodi. Nadège, mjane wa Mathe, alikuwa amekaa chini, macho makavu, na alimweleza polepole, bila kuulizwa. Mume wake alikuwa kwenye kabichi, jua linazama, simu yake ikalia, akaitika. Punde yeye Nadège akasikia gari inashuka mlimani, mahali ambapo hata moto haipiti.

"Ile sauti niliijua, patron," Nadège akanong'ona. "Myaka mine njo ilikuwa inamurudisha nyumba. Nikafikiri ni wewe, umekuja kumuomba arudi kazini."

Walimkuta mbavu zimevunjika zote. Issaka alikwenda kuangalia shamba, na afadhali asingekwenda. Alama za magurudumu zilianza katikati ya kabichi, hazikutoka kokote, zikaishia palipokuwa na damu. Alama zilionyesha gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limelala upande, likikata udongo kama jembe. Hivyo ndivyo gurudumu linavyolala rotule ikikatika.

Akampigia Jéthro simu. Akauliza kama kuna mtu alichukua gari jana. Jéthro akashangaa. Gari iko juu ya mawe, itoke namna gani? Halafu akasita kidogo, akasema kuna kitu kimoja tu. Leo asubuhi capot yake, kile kifuniko cha injini, ilikuwa ya moto.

Issaka hakumwambia Nadège neno. Alitoa pole, akanawa mikono, akala chakula cha kilio cha mtu aliyemtaja yeye mwenyewe. 

Rotule haikupatikana sokoni, kwa hiyo Alhamisi alfajiri Jéthro alirudisha gurudumu na chuma kile kile. Issaka akaondoka kwenda Beni, mwendo wa mtu anayebeba mayai. Simu aliizima, akamwachia bibi yake, yaani mkewe Hadjara, akamkataza kuifungua. Kwa nini, hakusema. Aliona haya.

Bureau ya Beni ilikuwa na dirisha moja, na karani mmoja, mwanamke kijana aliyeitwa Solange. Alipitisha kidole kwenye liste ya namba, akakisimamisha.

"Papa, hii gari ilisharudi."

Issaka akamwonyesha gari, ile pale inje. Solange akageuza kitabu. Namba ya chasi ilikuwa ni yenyewe. Siku: Jumanne. Na signature, sahihi yenyewe, chini yake, ile M ya kupinda ambayo Issaka aliiona miaka minne kwenye karatasi za mizigo. Mathe.

Aliuliza ni nani kati yao anayeita watu jioni.

"Sisi hapana kuita mutu na simu," Solange akasema. Hakuinua macho. Kidole chake kilishuka mstari mmoja. "Rotule ziko mbili, papa. Ya kushoto, ya dereva, imekwisha. Inabakia ya kuume. Hiyo haiko na jina bado."

Issaka aliomba aiache gari pale pale, asiione tena maisha yake yote. Haikuwezekana. Mlinzi hafungui lango kwa gari ambayo kwenye karatasi imekwisha kuwa ndani. Aliomba, akalia, mtu mzima mbele ya watu, na dirisha likafungwa. Alisimama pale saa nyingi. Angeitupa bondeni, lakini ghafla alikumbuka simu iko nyumbani, mikononi mwa Hadjara, akaruka ndani, akashika njia ya kurudi.

Njia nzima, kila shimo... ko... ko... ko.

Aliingia Kimemi adhana ya magharibi imekwisha. Akazima gari, akatia ufunguo mfukoni, akakimbia. Mlangoni alisikia bibi yake akisema na mtu, kwa adabu yake yote.

"Ndiyo, mama... Ametoka... Mimi njo ninakalaka naye mbele garini, mukono ya kuume... Hadjara."

Alimnyang'anya simu. Hadjara alishtuka, akajitetea kwa sauti ndogo.

"Ililia nayo imezimwa, Baba Sikitu. Nikaona pengine umepata accident."

Akapiga magoti hapo hapo, simu sikioni.

"Futa. Andika Issaka. Nakuomba... andika mimi."

Ko... ko... ko.

Alipojibiwa, haikuwa tena sauti ya mwanamke.

"Wewe ni mwenye gari, patron," Mathe akasema, bila hasira yoyote. "Mwenye gari hapana kuitwa. Anajulishwa tu."

Simu ikafa.

Inje, injini ikawaka.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Harufu ya grisi iliyoungua ikapita chini ya mlango, ikajaa chumba. Hadjara akainua kichwa, akageuka taratibu, kama mtu aliyesikia jirani akimwita jina. Issaka akamrukia, akamkumbatia kwa nguvu, akamziba mdomo kwa kiganja asiitikie. Alimbana mpaka mkono ukamuuma. Bibi yake alimtazama tu, macho yamejaa mshangao, na chini ya kiganja chake Issaka akasikia midomo yake inacheza, polepole...

"Niko."