Mbunge wa Nethercombe

Haya yalimkuta Philippa Thurlby. Mama wa bibi yangu alimfulia nguo miaka ishirini, na mama huyo hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Siku ya uchaguzi ilianza kama siku yoyote. Philippa alikuwa mezani akipaka mkate siagi, na kaka yake Gervase alikuwa anazunguka chumba kizima. Alikuwa ameshabadilisha vizibao mara tatu. Miaka kumi na miwili alikuwa mbunge wa Nethercombe. Sasa alikuwa ameahidiwa uwaziri, mradi arudi bungeni, na kwa mara ya kwanza alikuwa na mpinzani.

"Kunywa chai, kaka. Utatoboa zulia."

"Chai itapita wapi, Pippa? Kizibao kinabana."

Kijiji chenyewe cha Nethercombe hakikuwepo tena. Gervase alikibomoa ili apate ziwa la kutazama kutoka madirishani. Wazee tisa waliogoma kuhama walikufa kwa homa majira yale ya baridi, wakazikwa uani kwa kanisa lao, na kabla mwaka haujageuka maji yakafunguliwa juu yao. Gervase alikuwa ameahidi kuihamisha mifupa. Hakuihamisha, na Philippa, aliyempenda kaka yake kuliko kitu chochote, hakuwahi kumsamehe kwa hilo.

Lakini kura zilikuwa za viwanja, si za watu, na kiwanja kikizama bado ni kiwanja. Kila uchaguzi Gervase aliwagawia vibarua wake tisa hati za viwanja vile asubuhi, wakampigia kura, wakazirudisha jioni. Sheria ilitaka kura ipigwe penye msalaba wa soko la kijiji. Msalaba ulikuwa chini ya maji, basi meza ikawekwa ukingoni, karibu nao kadiri ilivyowezekana.

Saa tano mchana, mpinzani, Kapteni Lovibond, alikuwa ameshapata kura tano za nyumba za kilimani. Gervase hakuwa na hata moja. Vibarua wake walikuwa wanakoroma kilabuni, wamelewa chakari kwa bia ya Kapteni.

"Vipi, Thurlby!" Kapteni akapaza sauti. "Watu wako wamekususa?"

Umati ukacheka. Gervase akamwinamia karani, Mabbott.

"Soma majina ya daftari la zamani."

"Bwana mkubwa, wale si..."

"Hayajafutwa. Watumishi wangu wataitikia kutoka nyuma. Nani atajua?"

Philippa alisikia. Akamshika mkono. "Kaka, usiwaite wale."

"Unaogopa majina, Pippa?"

Karani akakohoa, akasoma: "Jabez Twelvetrees."

Mtumishi mmoja alifungua mdomo. Jibu likatoka kwingine.

"Nipo."

Lilitoka upande wa maji.

Mzee akapanda ukingo, kofia kichwani, koti limemgandama mwilini. "Jabez Twelvetrees, nyumba ya kona. Namchagua Thurlby." Nyuma yake akaja mwingine. Na mwingine.

"Hawa umewavua kwa nyavu?" Kapteni akauliza, na watu wakaangua kicheko.

Wa tatu alipopiga kura kicheko kilikatika. Wa tano alipopita, mbwa wa Kapteni alikuwa amejibanza chini ya meza. Karani aliandika bila kuinua uso. Philippa alikuwa anamtazama Jabez. Ni yeye aliyemwosha alipokufa, na ni yeye aliyemfunga taya kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwepo, na fundo lilikuwa lake. Mzee alikuwa ametaja jina, nyumba na mgombea, na taya halikusogea.

Gervase aliiangalia kalamu tu. Tisa kwa tano.

"Umewatoa wapi, Mabbott?" alinong'ona, uso unang'aa. "Ni mahodari mno."

"Sikuwatafuta mimi, bwana."

Wakati huo Gervase alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha ushindi. Desturi ya huko ni kwamba waliomchagua mbunge humbeba kwenye kiti chenye riboni na kumzungusha mji mzima. Wale tisa waliinua kiti. Philippa alikimbilia mbele, na Jabez akageuza kichwa.

"Binti Pippa. Usishike kiti."

Bendi ilipiga. Watu walishangilia, wengine kwa woga. Kiti kikageuka, kikaelekea chini, kwenye barabara ya zamani, ile inayoingia ziwani.

"Huku siko!" Gervase akasema. "Nyumba iko kule!"

"Tunakuzungusha mji, mheshimiwa."

Maji magotini. Bendi ikanyamaza. Maji viunoni. Hakuna aliyejikwaa. Gervase alijaribu kusimama, akashindwa, na Philippa hakuona kilichomshika.

"Pippa!"

Philippa alijitosa mpaka maji kifuani. Akadaka riboni. Ikakatika. Kofia tisa zikazama pamoja, taratibu, kisha uso wa kaka yake. Maji hayakutoa hata povu.

Siku tatu walikokota ndoano ziwani. Hawakupata mtu, wala kiti. Bungeni walisema amechaguliwa kihalali, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuapa kwamba amekufa, nafasi ilibaki yake. Kapteni Lovibond hakukata rufaa. Philippa alihamia vyumba vya nyuma, visivyotazama ziwa, na hata huko hakupata usingizi wa maana. Alikuwa akiinuka, akizunguka, akifungua milango, kisha asikumbuke alikuwa anatafuta nini.

Mwezi wa Novemba, wakati wa kifungua kinywa, barua ilikuwa juu ya sahani yake. Mtumishi aliapa hakuna aliyebisha hodi. Juu yake, mahali pa ada ya posta, palikuwa na sahihi ya Gervase, maana barua ya mbunge haitozwi ada. Karatasi ilikuwa imelowa chapachapa, lakini wino haukuwa umetawanyika hata kidogo.

*Pippa,* aliandika, *wananiletea malalamiko mchana kutwa. Jabez anataka paa. Wengine wanataka barabara ikauke. Namwandikia waziri, hajibu. Niliwaambia bunge hili ni la miaka saba, nitastahimili, kisha niende zangu. Wakanitazama kwa huruma. Wanasema wameshakubaliana, wote tisa, watanichagua tena.*