Valvu ya Dada Bitna

Jumapili moja ya Agosti tulikuwa jikoni kwetu Daegu, Korea. Mama anakata kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha yenye pilipili, kwa mkasi, dada Bitna ananicheka nywele.

"Sumi, nani kakunyoa, kinyozi au panya?"

Tukacheka wote. Ghafla akashika meza, anahema kama mtu aliyepanda ghorofa kumi.

"Mama, kifua kinabana."

"Woga wa mtihani huo, mwanangu. Kula."

Ndugu zangu, dada alizaliwa na moyo wenye kasoro. Alipokuwa na miaka sita aliwekewa valvu ya mtu aliyefariki, kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma. Daktari alisema wazi: mtoto anakua, valvu haikui, halafu inakuwa ngumu kama chokaa. Inaweza kudumu miaka kumi, inaweza isifike. Apimwe kila mwaka.

Sasa ana miaka kumi na minane, na mtihani wa kuingia chuo kikuu ni Novemba. Mama akaahirisha kipimo cha Agosti.

"Wakimwona watamlaza. Akilazwa, mwaka umepotea."

Hospitali ilipiga simu mara mbili, hakupokea. Kila alfajiri alipanda mlimani kusujudu mbele ya Buddha wa jiwe, siku mia moja hadi mtihani, amwombee dada afaulu, kama kina mama wenzake.

"Mama Bitna, mtoto midomo imekuwa ya bluu," jirani yetu Mama Gyuri akamwambia.

"Wako hesabu zimemshinda, ndiyo unataka na wangu akose?"

Mama Gyuri akarudi kwake. Na mimi nilificha. Nilijua dada analala ameketi, maana akilala chali pumzi inakata. Alinishika mkono: "Usimwambie mama. Nikikosa chuo atalia mwaka mzima."

Siku ya tisini na mbili ya maombi, dada alianguka kwenye ngazi za shule. Mama alikuwa mlimani, simu ameizima ili asali vizuri. Alipofika hospitali, dada alikuwa ameshafunikwa shuka.

"Valvu ilikuwa imebana karibu yote," daktari alisema. "Mngemleta Agosti, tungeibadilisha."

Mama hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kumvalisha soksi, miguu imepoa.

MAFUNZO

Valvu ya kupewa si ya milele. Mtoto aliyetengenezwa moyo apimwe kila mwaka, hata mwaka wa mtihani. Mtihani upo kila Novemba. Na wewe mdogo mtu, ukipewa siri ya mgonjwa, itoe. Akasirike, lakini awe hai. Mimi dada yangu hakunikasirikia hata kidogo.