Kiti cha Mzee wa Nanyala

Watu wa Iyula wana midomo. Tangu nipate kiti changu cha magurudumu cha umeme wanasema hakiendi kwa betri, kinasukumwa na msukule ninayemfuga. Pumbavu kabisa! Miaka sita nilitambaa mbele ya macho yao, magoti yamechubuka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nasukumwa na nani.

Jioni ile nilikwenda kuchaji kwa Rubeni, mwenye mashine ya kusaga, maana nyumbani hatuna umeme. Nikamkuta amekaa juu ya magunia, mashine kimya.

"Umeme umekatika tangu saa nane, Tusekile," akasema. "Lala kwetu, mke wangu yupo. Utachaji kesho."

"Nilale kwa watu kama mzigo? Thubutu!"

Nikageuza kiti. Hasira hasara, wanasema. Za kwangu zilinifikisha katikati ya kilima, pale kwenye mtambo wa kumenyea kahawa, kiti kikazimika.

Mjue kitu kimoja. Kiti hiki betri ikiisha, magurudumu yanajifunga. Wasukume wanaume wanne, hakisogei. Mpaka mtu ainame nyuma, chini kabisa, azungushe vishikio viwili vya mota, cha kulia na cha kushoto. Mimi sivifikii. Kijiji kizima anayejua ni kaka yangu Lwitiko tu. Jua lilikuwa limezama, maganda ya kahawa yananuka mpaka kooni. Nikampigia.

"Nakuja, usiondoke hapo," akasema.

Niondoke niende wapi, mjinga huyu? Nikakata simu. Ndipo nikasikia nyuma yangu...

Tak.

Kimya kidogo.

Tak.

Vishikio vyote viwili.

"Lwitiko? Umefikaje haraka hivyo?"

Pumzi tu. Kiti kikaanza kupanda kilima, polepole, na nyuma yake kitu kinaburuzika kwenye changarawe... krrr... krrr... Harufu ya kahawa ikapotea. Ikaja ya mkojo wa siku nyingi na blanketi lisilofuliwa.

Kule juu njia inagawanyika. Kushoto ni kwetu. Kulia ni kuelekea barabara kuu, njia ya Nanyala. Kiti kikakata kulia.

"We! Kwetu ni kushoto!"

Sauti ikanong'ona. Haikutoka juu, anapokuwa mtu aliyesimama. Ilitoka chini, usawa wa kiuno changu.

"Nani kakuuzia?"

Mwili ulinisisimka wote. Lakini nilikuwa na hasira kuliko woga. "Jonasi wa Nanyala! Nimeuza shamba langu la kahawa nikakinunua. Alisema ni cha marehemu baba yake, msiba umekwisha, vitu vinagawiwa."

Kiti kikasimama.

"Nilikuwa... bado hai."

Jamani!

Kwetu sisi, ukinunua kitu cha marehemu unakwenda kwanza nyumbani kwao. Unatoa pole, unaonyeshwa kaburi, ndipo unakichukua. Mtoto mdogo anajua hilo. Mimi sikwenda. Jonasi aliniletea kiti mpaka mlangoni, na kwa furaha ya kupata miguu nikampa pole palepale, tena kwa machozi! Ningekwenda, ningemkuta mzee mwenyewe yuko sakafuni.

"Walinitoa kitini nikiwa usingizini," sauti ikasema. "Nikatambaa... miezi minne. Mpaka nikafa."

Nikalia, kwa hasira. Naijua sakafu ya simenti asubuhi ya baridi, inavyouma mpaka kwenye meno.

"Mzee," nikasema, "kiti sikupi. Nikikupa narudi chini. Wa kudai ni mwanao. Kachukue miguu yake!"

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Sisingizii mtu.

Mikono ikaachia kiti. Papo hapo Lwitiko akatokea na tochi, mwanga ukampiga aliyekuwa nyuma yangu. Kaka yangu anachinja ng'ombe bila kupepesa jicho. Siku hiyo aliangusha tochi.

"Umeona nini?"

"Hakuwa amesimama, dada," akanong'ona. "Alikikumbatia kiti kwa nyuma, miguu inaburuzika. Kisha akashuka... akaondoka kwa viwiko. Mbio."

"Wapi?"

Akaonyesha upande wa Nanyala.

Asubuhi simu ikaita. Aida, mke wa Jonasi, analia. Mumewe ameamka, miguu haina habari, hata uichome sindano.

"Dada yangu, nakuomba, turudishie kiti."

"Baba mkwe wako alipokuwa anatambaa, ulikuwa wapi?"

Akazidi kulia.

"Basi mwambie mumeo naye atambae. Atazoea. Sisi tulizoea."

"Anatambaa, dada." Sauti yake ikashuka. "Tangu alfajiri. Tumemshika watu watatu, katushinda. Hasemi... hata kututazama hatutazami. Viwiko vinatoka damu. Ameshavuka lami, anakuja huko kwenu."

Sasa ni jioni. Lwitiko ametia komeo na kuegemeza meza. Tangu kigiza kiingie mlango unagongwa, taratibu, na unagongwa chini kabisa, karibu na kizingiti. Nimeita Jonasi, hakuna anayeitika. Nimeita mzee, shikamoo mzee... mlango unagongwa tena.

Kaka ananisihi nishuke tukitoe kiti nje, yaishe. Analia, mwanaume mzima. Na mimi naogopa, nisiwadanganye. Lakini nimemwambia ng'o. Yeyote aliyeko pale chini, baba au mwana, akiingia atanikuta nimekaa.