Nakala ya Pili ya Kaka

Siku ya kumi na moja tangu tumzike kaka yangu, jioni, meneja wake alinipigia simu. Hakuniuliza hali ya mama. Aliniuliza kama bado natengeneza kompyuta.

Kaka alikuwa mtunza ghala la dawa kwa miaka kumi na tisa. Homa ya mapafu ilimkuta kazini. Aliomba ruhusa mara tatu, na mara tatu meneja akamjibu: amalizie kwanza kuhesabu. Akafia kwenye kiti, kifua chake kinanuka dawa ya kuchua, ile ya mnanaa. Na sasa huyu mtu mzima na akili zake ananiambia programu ya marehemu imegoma kwenye kompyuta mpya, njoo utusaidie.

Kufa kufaana, kweli.

Nilikwenda kwa sababu mama alitaka picha za kaka zilizobaki kwenye kompyuta yake ya zamani. Na nilikwenda ili nimtazame yule meneja usoni. Nilimkuta peke yake kwenye ofisi ya ghala, wafanyakazi wote wameshaondoka. Sweta ya kaka ilikuwa bado inaning'inia kwenye kiti. Hakuna aliyekuwa na haya ya kuikunja na kuileta nyumbani.

"Tufanye haraka," alisema.

Kazi yenyewe si ngumu. Unatengeneza mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Unaimegea kumbukumbu kidogo na nafasi kidogo ya diski, unaisimikia mfumo wake wa zamani, nayo inajiona ni kompyuta kamili. Haijui kama imo ndani ya kitu.

Nilipofungua orodha kwenye kompyuta mpya, nilikuta mashine pepe tatu tayari, kila moja na jina lake. Karani. Dereva. Mfagizi. Zote zilikuwa zinafanya kazi.

"Nani alizisimika hizi?"

"Mafundi wengine," alijibu kwa sauti ya chini. "Hao wazoefu. Usiwasumbue."

Ningeondoka hapo hapo. Lakini hasira ikikupanda, masikio nayo yanaziba.

Fundi mwenye adabu angesimika mfumo mpya mtupu, kisha akahamishia ile programu peke yake. Mimi nilitaka kumaliza nitoke. Nikainakili diski ya kaka nzima nzima, na kila kilichokuwemo. Na kwa kuwa nilifundishwa kwamba fundi haondoki bila nakala mbili, nakala ya pili niliitia kwenye diski ndogo, nikaandika jina la kaka juu yake kwa mkono wangu, nikamkabidhi meneja. Akaitia mfukoni.

"Hiyo mashine yake iwe inawaka yenyewe," alisema. "Kila siku, saa mbili asubuhi."

"Hata siku za mapumziko?"

"Kila siku."

Nikaiweka hivyo. Mimi mwenyewe, kwa vidole hivi.

Kisha nikaiwasha.

Skrini ikawa nyeusi... halafu bluu. Ikaomba neno la siri. Nilikuwa silijui. Nikakaa nawaza: siku ya kuzaliwa ya mama? Jina la utani la shuleni?

Tap.

Nukta moja ikatokea kwenye kisanduku.

Tap... tap...

Mikono yangu ilikuwa mapajani. Niligeuka kutafuta sauti. Ilitoka sakafuni, kwenye kibodi kuukuu ya kaka. Waya wake ulikuwa umeviringishwa, haukuchomekwa popote. Herufi zilikuwa zinabonyea moja moja, polepole, kama alivyozoea kuandika kaka, kwa kidole kimoja. Tulimcheka miaka yote kwa kidole hicho.

Harufu ya mnanaa ikajaa chumbani.

Mashine ikafunguka. Ukurasa wa kuandikia ukajitokeza wenyewe.

*Mdogo wangu.*

Nikainamia skrini.

*Kifua kinabana. Niombee ruhusa.*

Kabla sijanyanyua mkono, ukurasa ukafungwa. Programu ya ghala ikafunguka juu yake, na namba zikaanza kupanda. Moja. Mbili. Tatu. Nyuma ya ukuta, kwenye ghala lenye giza, boksi likaburutwa. Likafuata jingine. Kati ya boksi na boksi, mtu alikohoa. Kikohozi kile nilikisikia chumba cha pili kwa wiki tatu. Nakijua.

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakushtuka hata kidogo.

"Amekubali," alinong'ona.

"Mwache apumzike," nikasema. "Nakuomba. Mwache."

"Akimaliza kuhesabu."

Maneno yale yale. Aliyomwambia akiwa hai!

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka uzito wa mtungi wa kuzimia moto mikononi mwangu. Niliipiga ile kompyuta mpya mpaka ikapasuka, nikaipiga diski mpaka ikawa vipande, nikaigeukia ya zamani nayo nikaipiga, na picha za mama zikaenda humo humo. Nilikuwa nalia na kutukana. Nilimtukania yule mtu mpaka waliomzaa, na sijutii.

Maboksi yakanyamaza.

Kisha, nyuma ya ukuta, nilisikia watu wakishusha pumzi. Mmoja... wa pili... wa tatu. Nikamngoja wa nne. Hakusikika.

Meneja hakunizuia, wala hakunifokea. Aliupapasa mfuko wake tu, akanifungulia mlango.

"Msalimie mama," akasema.

Nililala nikijiambia nimemkomboa. Asubuhi nilimkuta mama amekaa mlangoni, mbele yake vikombe viwili vya chai. Kimoja hakijaguswa.

"Hiki cha nani, mama?"

"Cha kaka yako. Kapita sasa hivi, hata kukaa hakukaa." Alikuwa anatazama njiani, uso umetulia kama wa mtu ambaye hajawahi kufiwa. "Eti anawahi kazini. Mwanangu yule anakohoa! Nimemwambia aombe ruhusa. Kasema ataomba."

Kikombe kilikuwa kinanuka mnanaa.

Nikatazama saa ya ukutani. Saa mbili na dakika tano.

Nilichukua nyundo ya jikoni, nikavaa viatu. Nakala ya pili iko mfukoni kwa yule mtu, na mwandiko ulio juu yake ni wangu.