Risasi ya Digidigi

Risasi ilimpata kongoni begani, na badala ya kuanguka, akaondoka. Nyanjige, askari wa wanyamapori, aliona vumbi likiruka kwenye manyoya na mguu wa mbele ukilegea, kisha mnyama mwenye uzito wa watu wawili akatimua mbio kwa miguu mitatu kuelekea mashariki, kule ambako pori la Meatu halina barabara wala mtandao wa simu. Mhandisi Lusajo alishusha bunduki akitabasamu, akasema amempata.

Ni kweli alimpata. Kumpata mnyama si kazi. Kazi ni kumlaza pale pale aliposimama.

Bunduki yenyewe ilikuwa 223, ya risasi ndogo, nyepesi, yenye darubini ya kupendeza. Lusajo, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa Bariadi kusimamia visima, aliipenda kwa sababu haimpigi bega, na alipoifanyia mazoezi kwenye debe haikukosa hata mara moja. Debe halina mfupa, lakini hilo hakuliwaza. Kibali chake kilikuwa cha kongoni mmoja, na hemani alikuwa na bunduki nyingine ya kuazima, 30-06 ya risasi nzito, ambayo hakuitoa hata kwenye mfuko wake.

Jana yake kambini, Salu, mfuata nyayo kutoka Mwamapalala, aliichukua risasi moja ya ile 223 akaipima kiganjani. Kwa desturi ya kazi yao mfuata nyayo hamkosoi mgeni ana kwa ana. Humwambia askari wa wanyamapori, naye askari humfikishia mgeni. Basi Salu akamwambia Nyanjige kwa Kisukuma kwamba hii ni risasi ya digidigi, ina gramu tatu na nusu tu, na ikigonga bega la kongoni itasambaratika kabla ya kufika moyoni. Mwambie achukue ile kubwa.

Na Nyanjige, askari wa miaka tisa kazini, alifikisha nini? Alisema Salu ameisifu bunduki, ila anaomba wasogee karibu kidogo. Lusajo alikuwa mgeni wa mkubwa wake wa kazi, na mgeni wa mkubwa haambiwi kwamba amechagua vibaya. Hasira aliyokuwa nayo asubuhi ile, nusu yake ilimwelekea Lusajo. Nusu nyingine ilimwelekea yeye mwenyewe, ndiyo maana ilimuuma zaidi.

Walimfukuza kongoni kwa gari, Lusajo kwenye usukani. Walipokwenda kilomita kama saba, gurudumu la mbele likatumbukia kwenye shimo la ngiri na ekseli ikakatika. Dumu la maji likapasuka nyuma ya gari. Zikabaki chupa mbili. Redio ya Nyanjige ilikoroma tu, kwa kuwa walikuwa bondeni.

Lusajo akataka warudi kambini kwa miguu. Salu alikwisha kuinama, kidole chake kwenye tone la damu.

"Mnyama aliyeumizwa haachwi," alisema. Safari hii alisema kwa Kiswahili, na hakupitia kwa mtu.

Walifuata damu hadi jua likawa utosini. Tone hapa, tone pale, mahali alipolala, mahali alipoinuka tena. Nyanjige aliyahesabu yale malalio na kila moja likamwongezea hasira. Saa sita za mateso, na risasi moja nzito ingeyamaliza yote alfajiri.

Walimkuta chini ya mgunga, shingo imelala mchangani. Nyanjige akainua bunduki yake ya kazi, 458, ammalize kutoka mbali. Lusajo akamzuia kwa mkono, akasema mnyama amekufa, kwa nini waharibu ngozi? Akasogea na simu yake ili apige picha. Kongoni akafumbua jicho, akainuka mzima mzima, na pembe ikamwingia Lusajo pajani juu ya goti.

Nyanjige alifyatua akiwa hatua kumi. Mnyama alianguka papo hapo na hakutikisika tena.

Salu alilikandamiza paja lile kwa viganja viwili huku Nyanjige akichana shati la ndani na kulifunga kwa nguvu. Walingoja wakitazama kitambaa. Damu ilikuja, lakini haikuruka.

"Mshipa mkubwa umepona," Salu alisema. "Asipolala hapa hadi kesho, ataishi."

Kaskazini kulikuwa na kilima cha mawe, mwendo wa kilomita sita, na pale juu redio ingeshika. Wakamweka katikati, mkono mmoja kwa kila bega, na Lusajo akaruka kwa mguu mmoja akilia bila kuficha. Chupa ya pili iliisha kabla ya nusu ya njia. Midomo yake ikapasuka, akaanza kuongea ovyo, akimwita mama yake kwa Kinyakyusa. Wakafika kwenye mto mkavu. Salu akatafuta mahali tembo walipochimba, akachimba kwa mikono hadi mchanga ukalowa, na maji yenye chumvi yakajikusanya taratibu shimoni.

Walimnywesha kwa kizibo cha chupa. Akili ilipomrudia, neno la kwanza lilikuwa la kujitetea.

"Lakini nilimpata vizuri. Hata Salu aliisifu bunduki."

Salu aligeuka, akamtazama Nyanjige.

"Hakuisifu," Nyanjige alisema. "Alisema ni ya digidigi. Alisema uchukue ile kubwa. Mimi ndiye niliyeyapamba maneno yake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni mgeni wa bosi."

"Ningeichukua," Lusajo alisema. "Ungeniambia, ningeichukua."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini huyu hakuambiwa, na guu lilikuwa lake. Salu alitema mate mchangani, akamnyanyua Lusajo, na hakumsemesha Nyanjige hata neno moja hadi kilimani. Nyanjige aliona ni haki yake, akabeba upande wake wa mzigo.

Redio ilishika saa kumi. Jua lilipokuwa linashuka gari la kituo likafika, likiendeshwa na Method, mkubwa wake Nyanjige, ndiye aliyemleta mgeni. Walipokwisha kumlaza Lusajo nyuma ya gari, Method alimvuta Nyanjige pembeni. Hakuuliza sana. Alishaipanga taarifa kichwani: wataandika kwamba walishambuliwa na kongoni mkali, ili mgeni asiaibike na kituo kisiulizwe maswali.

"Hakuwa mkali," Nyanjige alisema. "Alikuwa na risasi ya digidigi begani tangu alfajiri. Na niliyeiruhusu ni mimi, nikijua. Andika hivyo, afande, au nitaandika mwenyewe."

Method akarudi kwenye usukani. Salu, aliyekuwa ameshapanda, alisogea akamwachia Nyanjige nafasi, na wote wawili wakaushika mguu wa Lusajo usirukeruke njia nzima hadi hospitali.