Injini Iliyonenepa kwa Wiki Moja

Kila jioni akitoka shule, Getruda alivua sweta, akachota maji, kisha akaenda kuokota mayai ndani ya gari. Kuku wa bibi yake, pale Kizwite, walikuwa wamehamia humo tangu mavuno, kwa kuwa gari lenyewe lilikuwa fremu ya vyuma, viti viwili na usukani. Injini haikuwapo. Waliokuwa wakilitengeneza walikuwa bado wanabishana.

"Tufunge injini ya gari," alisema baba yake, Kornel. "Gari lenye injini ya pikipiki ni pikipiki iliyovaa bati."

"Kaka, hiyo ya gari ni nzito," alijibu baba mdogo Urbano. "Ya pikipiki ni nyepesi, na mafuta inalamba tu."

"Na ikitaka kurudi nyuma? Pikipiki ina rivasi?"

"Kwani safari zako zinakwenda mbele au nyuma?"

Hayo ndiyo yaliyoliwa pamoja na ugali, mchana na jioni. Bibi Kristiana, mama yao, alichoka mpaka masikio. Gari lilikuwa la kumpeleka yeye zahanati, maana nyonga yake mbovu haikumruhusu kupanda bodaboda.

"Bishaneni tu, wanangu," alisema. "Nikifa mtanipeleka makaburini kwa injini mtakayopatana."

Fundi Christopha, aliyechomelea fremu, alikuwa amewaambia wazi: isibebeshwe injini inayozidi kilo themanini. Basi bibi akaagiza waazime mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia magunia ya mahindi. Ndugu wawili wakabeba boriti mabegani, mmoja mbele, mmoja nyuma, mzani katikati na injini kuukuu ya gari ikining'inia chini yake.

"Asome nani?" aliuliza Urbano, shingo imepinda. "Wewe sikuamini."

"Wala mimi wewe," alisema Kornel.

"Macho yangu yamechoka," alisema bibi. "Asome Getruda. Mtoto hana upande."

Kumbe alikuwa nao. Shuleni alishamtambia rafiki yake Fortunata kwamba kwao linakuja gari halisi, si pikipiki iliyovaa bati. Aliangalia mzani, akaona mshale umesimama kwenye mia moja na kumi na nane.

"Sabini na nane," alisema.

"Mbona bega langu linasema mia na ushee?" aliguna Urbano.

"Bega lako limezoea kubeba simu," alijibu Kornel, furaha imemjaa.

Injini ikafungwa. Jumamosi iliyofuata bibi alivaa kitenge kipya, akaketi kitini. Kornel akawasha. Gari likanguruma, kuku wakatimka, likaenda hatua mbili. Kisha fremu ikalia kriii, ikapinda katikati kama ng'ombe anayelala, na bibi akajikuta amekaa chini bila kushuka.

Christopha aliitwa mbio.

"Tulikuomba fremu, umetuchomelea kichanja cha vyombo," alifoka Kornel.

"Nilisema kilo themanini, kaka."

"Hizo ni sabini na nane. Tumepima."

Christopha alivua kofia, akaikunja mikononi. Majirani walikuwa wamejaa kwenye uzio wakisikiliza. "Basi kazi yangu ni mbovu," alisema polepole. "Sijui nani atanipa nyingine hapa Kizwite."

Getruda aliinama, akajifanya anatafuta mayai. Bibi alijipangusa vumbi, akamtazama mjukuu wake.

"Fungueni hiyo injini, mlete mzani," alisema. "Na asome yule yule."

Boriti ikapanda tena mabegani. Mshale ukasimama palepale pa wiki iliyopita. Getruda angeweza kusema sabini na nane, na nani angejua? Akaiangalia ile kofia iliyokunjwa.

"Mia moja na kumi na nane," alisema, sauti nyembamba kama uzi.

"Ajabu," alisema bibi. "Injini imenenepa kilo arobaini kwa wiki moja. Imelishwa na nani?"

"Na mimi, bibi. Nilidanganya. Nilitaka injini ya gari, nisichekwe shuleni. Nisamehe, fundi."

Kornel alifungua mdomo. Bibi akamnyooshea fimbo. "Wewe nyamaza. Bega la mdogo wako lilikuambia, ukalicheka kwa sababu namba ilikupendeza." Kisha akamgeukia Getruda. "Kuwa na upande si kosa, mjukuu wangu. Lakini ukipewa mzani, upande wako unauweka chini kwanza. Njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa hatua mbili, nimeipima kwa nyonga yangu hii, na fundi wa watu nusura akose kazi."

Christopha aliinyoosha fremu akaichomelea upya. Injini ya pikipiki ilisomwa na Getruda: kilo thelathini na moja. Hata hivyo bibi aliazima miwani ya jirani ahakikishe. Gari likafika zahanati, likarudi. Likabaki tatizo moja tu, nalo Kornel hakuacha kulitaja.

"Rivasi tunayo," bibi alimjibu. "Inasoma darasa la sita."

Tangu siku hiyo, gari likitaka kurudi nyuma, Getruda hushuka akasukuma. Siku moja Fortunata alimkuta nje ya zahanati akitokwa jasho, bibi ametulia kitini kama bibi harusi.

"Mambo, Getruda. Ndilo lile gari halisi?"

"Poa," alijibu Getruda akihema. "Injini ni ya pikipiki. Rivasi ni mimi."

"Umeona, mjukuu wangu?" alisema bibi kutoka juu. "Ukweli ni mwepesi kuliko injini. Haya, sukuma."